Mchanga Usafishao Maji

Watu hukidharau kitu kilicho kingi, na katika vitu vilivyo vingi duniani mchanga ni wa mbele. Huukanyaga, huupakia katika magari, huuchanganya na saruji, wasiulize ulikuwa na kazi gani pale ulipokuwa kabla ya kuchimbwa. Lakini wakaao katika nchi kavu, mathalani Ukambani, waliitambua zamani kazi yake moja. Mto ukaukapo, huchimba shimo katikati ya mkondo, na maji yanayokusanyika humo huwa maangavu kuliko maji ya mafuriko yaliyopita juu yake. Ukiwauliza watu sababu, wengi watajibu kuwa mchanga ni chujio: maji hupita, taka hunaswa. Jibu hilo ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Nusu ya pili ilifichika kwa miaka mingi. Waliokawia kuijua zaidi ni watu waliotaka kufuga viumbe wa baharini katika tangi la kioo, na samaki wengi waliuawa na ujinga huo. Habari yao yatufaa sisi tukaao Homa Bay na Migori, ingawa bahari iko mbali nasi, kwa kuwa twakaa ukingoni mwa maji.

Kufuga viumbe wa bahari ndani ya kioo ni jambo la juzi katika historia. Mwaka 1832 bibi mmoja Mfaransa, Jeanne Villepreux-Power, aliyekuwa akikaa Messina katika kisiwa cha Sicily, alitengeneza matangi ya kioo ili achunguze aina ya pweza akaaye ndani ya kombe jembamba. Yeye alikuwa na bahari mlangoni pake. Mwaka 1846 Anna Thynne alichukua matumbawe hai kutoka pwani ya Uingereza mpaka mjini London, yakawekwa hai kwa kumiminwa maji kutoka chombo hiki hadi kile ili yapate hewa, kazi iliyofanywa kwa mikono siku baada ya siku. Kisha mwaka 1850 mkemia Robert Warington alieleza jaribio lake la maji baridi. Katika chombo chenye mchanga na tope alitia samaki wadogo wawili na mmea wa majini. Majani yalipoanza kuoza na maji kuchafuka, aliongeza konokono. Wale konokono wakala uozo, na maji yakatakata. Hapo lilionekana jambo kubwa, kwamba maji hukaa safi pale ambapo taka ya kiumbe mmoja ni chakula cha mwingine.

Mwaka 1853 nyumba ya samaki ilifunguliwa katika bustani ya wanyama ya London, na mwaka 1854 Philip Henry Gosse alitoa kitabu kilichowafanya watu wengi watamani kuwa na kipande cha bahari sebuleni. Lakini mtu akaaye bara atayapata wapi maji ya bahari? Gosse huyo huyo alionyesha kuwa maji hayo yaweza kutengenezwa. Alichanganya chumvi ya kawaida, chumvi ya haluli, na chumvi nyingine za magnesi na potasi, akazitia katika maji baridi, kisha akaweka mwani humo kwanza kabla ya kuweka wanyama.

Msomaji wa Kendu Bay huenda akauliza kama maji ya Simbi Nyaima hayangefaa kazi hiyo bila ya taabu yote hii. Ziwa hilo dogo, ambalo wazee husimulia kuwa ni kijiji kilichozama kwa sababu ya kumnyima mgeni ukarimu, lina maji ya chumvi kweli, na heroe hulitembelea. Lakini samaki hawaishi humo. Chumvi yake ni ya namna ya magadi, nayo ni tofauti na ile ya bahari. Katika lita moja ya maji ya bahari mna gramu 35 hivi za chumvi, na chumvi hizo ni nyingi kwa aina, kila moja kwa kiasi chake. Basi ukali wa chumvi ulimini pekee haufanyi maji kuwa bahari.

Maji yalipokwisha kutengenezwa, watu walidhani kazi imekwisha. Haikuwa hivyo. Matangi mengi yalikaa wiki chache, maji yakanuka, na viumbe wakafa. Sababu yake twaijua leo. Samaki hutoa uchafu wake majini, na mabaki ya chakula huoza; katika uchafu huo hutoka amonia, nayo ni sumu kwa samaki hata ikiwa kidogo. Baharini amonia hupotea katika maji yasiyo na mwisho. Ndani ya kioo haina pa kwenda. Wafugaji wakawa wanaosha kila kitu: wanaosha mchanga, wanaosha mawe, wanabadilisha maji. Waliufahamu usafi kama afahamuvyo mwenye nyumba, yaani kuondoa kila kilicho kichafu.

Wakati huo huo miji ya Ulaya nayo ilikuwa ikihangaika na maji. Mwaka 1829 mhandisi James Simpson alitengeneza Chelsea, mjini London, tabaka kubwa la mchanga ambalo maji ya mto Thames yalipita polepole kabla ya kunywewa. Maji yalitoka yakiwa maangavu, na watu wakasema chujio limefanya kazi yake. Hawakujua bado kuwa juu ya mchanga ule, na katikati ya chembe zake, kulikuwa na walinzi wasioonekana kwa macho.

Waliowafichua walinzi hao ni Wafaransa wawili, Théophile Schloesing na Achille Müntz, mwaka 1877. Jaribio lao lilikuwa jepesi, na kila mwanafunzi aweza kulielewa. Walijaza mchanga uliochanganywa na mawe ya chokaa katika mrija mrefu, wakapitisha maji machafu ya mitaro humo polepole. Siku ya kwanza amonia iliingia na amonia ikatoka. Siku ya kumi ilikuwa vivyo hivyo. Baada ya siku 20 hivi amonia ilianza kupungua na badala yake ikatoka nitrati. Hapo waliuliza swali la werevu: kama kazi hii ni ya mchanga wenyewe, mbona ulingoja siku zote hizo? Wakapitisha mvuke wa klorofomu, dawa ilazayo viumbe hai. Kazi ikakoma. Wakauondoa mvuke, wakatia maji kidogo yaliyosuuza udongo wa shamba, na baada ya muda kazi ikaanza tena. Dawa haiwezi kulaza jiwe. Kwa hiyo aliyekuwa akifanya kazi ni kiumbe hai.

Mwaka 1890 mtaalamu wa Urusi, Sergei Winogradsky, aliwatenga viumbe hao. Walikuwa vijidudu vya aina mbili wanaopokezana kazi: wa kwanza hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wa pili hugeuza nitriti kuwa nitrati, isiyodhuru sana. Wote hutaka hewa ya oksijeni. Katika miaka hiyo hiyo ya 1880, Wafaransa wengine, Gayon na Dupetit, walichunguza vijidudu vingine vinavyoishi pasipo oksijeni, ambavyo huivunja nitrati hata ikawa naitrojeni, hewa isiyodhuru ambayo hupanda na kurudi angani. Ukiyaweka maarifa hayo pamoja, utaona kuwa tabaka la mchanga ni mji mzima. Juu, penye oksijeni, wakaa wale wanaoigeuza amonia. Chini, pasipo oksijeni, wakaa wale wanaomalizia kazi.

Ushahidi wa nguvu za mji huo ulikuja kwa msiba. Mwaka 1892 kipindupindu kiliingia Hamburg, Ujerumani. Mji huo ulikunywa maji ya mto Elbe bila ya kuyachuja. Altona, mji jirani, ulichota maji sehemu ya chini ya mto huo huo, yakiwa yamekwisha kupokea uchafu wa Hamburg, lakini uliyapitisha katika tabaka la mchanga. Hamburg walikufa watu zaidi ya 8,000. Altona iliponea chupuchupu, na palikuwa na njia mpakani ambapo wa upande huu waliugua na wa upande ule walikuwa wazima. Maji yalikuwa ya mto mmoja. Tofauti ilikuwa mchanga ulioachwa ukaishi.

Ungetazamia wafuga samaki wayachukue maarifa hayo mara moja. Walikawia mno. Hata katikati ya karne ya 20 wengi waliendelea kupamba matangi yao kwa mifupa ya matumbawe iliyofanywa meupe kwa dawa, wakiamini kuwa cheupe ndicho safi. Mwaka 1961 Lee Chin Eng wa Jakarta, Indonesia, aliandika juu ya njia yake ya kufuga samaki wa bahari kwa kufuata maumbile: hakutumia mitambo mikubwa, bali alitia mawe yaliyotoka baharini na viumbe vyake vyote, na hewa kidogo ya kuyatembeza maji. Baadaye, katika miaka ya 1980, Jean Jaubert alifanya kazi Monaco, penye jumba la elimu ya bahari lililofunguliwa mwaka 1910. Yeye aliweka tabaka nene la mchanga wa matumbawe juu ya sahani yenye matundu, na chini ya sahani akaacha nafasi ya maji matulivu. Matumbawe yakakua humo. Kile ambacho watu waliita uchafu kikawa ndicho msingi wa nyumba.

Leo, shule iliyo mbali na bahari ikitaka kutengeneza tabaka la namna hiyo, kanuni zake ni chache. Mchanga mzuri ni ule uliotokana na matumbawe na makombe, kwa kuwa huyeyuka kidogo kidogo na kuzuia maji yasiwe na uchachu. Mchanga wa mtoni, ambao sehemu yake kubwa ni mawe magumu, hauna tabia hiyo. Wala haifai kwenda kuuzoa katika hifadhi za bahari, kama zile za Malindi na Watamu zilizowekwa mwaka 1968. Mchanga mkavu wa kununuliwa watosha. Huoshwa vumbi, hutandazwa kwa kimo cha sentimita 10 hivi, na maji yenye chumvi ya kipimo humiminwa taratibu. Kwa lita 100 za maji yatakiwa kilo tatu na nusu za chumvi iliyochanganywa kwa kazi hiyo. Mchanga huo bado umekufa. Huhuishwa kwa kutia konzi ya mchanga hai kutoka katika tangi la zamani, kama vile mama atiavyo chachu katika unga. Kisha husubiriwa. Kwa wiki nne au sita amonia hupanda na kushuka, nitriti hupanda na kushuka, na samaki hawaingizwi mpaka zote mbili zitoweke. Asiyeweza kusubiri huua samaki wake kwa mkono wake mwenyewe. Na tabaka likiisha kukomaa, haifai kulivuruga mpaka chini, kwani sumu iliyolala pasipo hewa huweza kupanda juu.

Sasa tulitazame Ziwa Victoria. Yanayotendeka katika tangi hutendeka na huko, kwa ukubwa usiolingana. Mbolea iliyosombwa mashambani, udongo ulioletwa na mito kama Kuja, na maji machafu ya miji hulisha mimea midogo ya majini. Mimea hiyo ikifa huzama na kuoza, na uozo hula oksijeni ya chini. Fulu, samaki wadogo waliokuwa wa jamii nyingi ajabu, walipungua mno katika miaka ya 1980. Aliyewala zaidi ni mbuta, aliyeletwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, lakini kuchafuka kwa maji nako kulikuwa na sehemu yake. Jamii kadhaa za fulu zimehifadhiwa katika matangi ya Ulaya na Marekani. Ni ajabu kwamba kioo kimewatunza samaki ambao ziwa lao liliwashindwa.

Mchanga wa fuo na mito yetu nao huchimbwa kwa ujenzi. Vijana wengi hupata riziki humo, na nyumba na shule hazijengwi kwa maneno matupu. Lakini kazi hiyo ina mipaka, na mwaka 2007 mamlaka ya mazingira ya nchi yetu, NEMA, ilitoa miongozo ya kuitengeneza. Anayepakia lori moja hupakia pamoja na chembe zile wafanyakazi wasiohesabika ambao hawakulipwa hata senti. Mwaka 2015, kipindupindu kilipoenea nchini, Migori na Homa Bay zilikuwa miongoni mwa kaunti za kwanza kuingiwa. Sisemi kuwa mchanga wa ufuoni ungewaponya wagonjwa, wala mtu asidhani maji ya ziwa yafaa kunywewa bila ya kuchemshwa au kutiwa dawa. Nasema kuwa watu wanaoishi kwa maji hawana budi kuijua kazi inayoyasafisha.

Haraka haraka haina baraka, wahenga walinena, na historia ya mchanga yawaunga mkono. Schloesing na Müntz walingoja siku 20 kabla ya kuona badiliko la kwanza. Tangi la shule hungojewa wiki sita. Ufuo wa ziwa ulitengenezwa kwa muda usiokadirika kwa umri wa mtu, na lori hulijaza shimo lake kwa muda wa asubuhi moja. Kujenga uhai na kuuvunja havina saa moja. Ninyi mtakaokuwa wahandisi, wavuvi, wakulima na wajenzi wa kesho, mkiushika mchanga mkononi, kumbukeni kuwa mmeshika kazi ya wengi.