Leso sita, uzi na sindano: kanga ilivyoingia katika nyumba zetu



Wiki chache zilizopita tulikaa na bi harusi mmoja wa ukoo wetu, orodha yake mkononi. Mashuka, mapazia, foronya, vitambaa vya meza, vyote vipya na vyote vya rangi moja. Pesa ya kuvinunulia ilikuwa ya kukopa. Mama yake kanyamaza tu, anatazama chini. Sisi tukakumbuka sanduku la marehemu bibi lililoko uvunguni, tukalivuta. Ndani mna kanga mpaka juu, nyingine zimekwisha rangi, nyingine hazijakungwa hata upindo.

Tutasema tulizifanya nini. Lakini kwanza tuzungumze habari ya kanga yenyewe, kwa sababu bi harusi wetu alisema, "Hizi si nguo za kizee?", na jawabu lake ni refu kidogo.

Kabla ya kanga, nguo ya watu wengi Unguja ilikuwa merikani. Jina lenyewe linasema ilikotoka. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walikuwa wakija na majahazi yao hapa kwetu tangu miaka ya 1820 na 1830, wanaleta magora ya pamba nzito isiyotiwa rangi, wanachukua pembe za ndovu, sandarusi na karafuu. Mwaka 1833 Sayyid Said akatia saini mkataba wa biashara na Marekani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka kule mwaka 1861, pamba ikaadimika, na nguo za Uingereza na Bara Hindi zikaingia mahali pake, lakini watu waliendelea kuita merikani hivyo hivyo. Ikitiwa nili ikawa buluu iliyokoza karibu na nyeusi, ikaitwa kaniki.

Merikani na kaniki zilikuwa nguo za kazi, na zaidi zilikuwa nguo za watumwa. Mwanamke mtumwa alijifunga kipande kimoja chini ya makwapa, basi. Kichwa chake kilikuwa wazi, kwa sababu kujifunika kulihesabiwa kuwa heshima ya waungwana. Tuusome mstari huo polepole, sisi ambao leo tunachagua ushungi kwa rangi ya viatu. Walikuwapo wanawake katika kisiwa hiki waliokuwa Waislamu kama sisi, na sitara ikawa si haki yao.

Sasa tuje kwenye leso. Neno lenyewe ni la Wareno, nalo ni kitambaa cha mkononi. Katika karne ya 19 vitambaa hivyo viliuzwa madukani katika gora moja, vimeungana, mwenye duka anakata kimoja kimoja kwa kila mnunuzi. Inavyosimuliwa, wanawake wa pwani ndio waliomwambia muuzaji asikate moja, akate sita. Wakarudi nyumbani, wakaunga vitatu juu na vitatu chini, wakapata shuka moja pana ya kujifunga, yenye nakshi, kwa bei nafuu kuliko nguo za fahari zilizoshonwa tayari. Haikupita muda mrefu wafanyabiashara wakashtuka: kama wanawake wanashona wenyewe, kwa nini tusiagize ichapwe moja kwa moja katika kipande kizima? Nguo za mwanzo zilikuwa na madoa meupe juu ya ardhi nyeusi, yakamfanana ndege kanga, na jina likashika. Mombasa mpaka leo wengi wanasema leso.

Tunapenda sana kisa hiki. Viwanda vya Uingereza na Uholanzi, pamoja na mashine zao zote, vilifuata kilichokuwa kimeshashonwa kwa mkono na wanawake waliokuwa wakibana matumizi.

Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed akatoa amri ya kuvunja utumwa Unguja na Pemba. Haikumkomboa kila mtu siku hiyo. Mtumwa ilimbidi aende mwenyewe kudai uhuru wake, na masuria waliachwa nje ya amri ile. Wao walisubiri mpaka 1909. Lakini angalia walichofanya waliopata uhuru na vipesa vyao vya kwanza vya kuchuma karafuu. Wanawake wengi waliiacha kaniki wakanunua kanga. Na hawakununua moja, bali doti, yaani mbili: moja ya kiunoni, moja ya kichwani. Hiyo ya kichwani ndiyo iliyokuwa habari. Maneno nayo yakaanza kuchapwa mapema katika karne ya 20, kwanza kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa hizi za Kirumi tunazozisoma sasa.

Kwa hiyo si nguo ya kizee. Ni nguo ya aliyenunua sitara yake kwa jasho lake.

Na kwa kuwa ilinunuliwa kwa jasho, haikutupwa. Mama zetu wanaikumbuka miaka ya 1970, mchele, unga na sukari vikiuzwa kwa mgao hapa Visiwani, na kanga mpya ikiwa kitu cha kupanga foleni. Kanga ilikuwa na umri wake, kama mtu. Ikiwa mpya ni ya kutokea: harusini, maulidini, kumtazama mzazi. Ikipauka kidogo ni ya nyumbani na ya kulalia. Ikilainika ndipo inapopata kazi yake bora, mbeleko na winda za mtoto, maana hakuna nguo nyororo kama kanga iliyofuliwa miaka kumi. Baada ya hapo inachanwa: kata ya kujitwika ndoo, kishikio cha sufuria, tambara la kupigia deki. Kutupa kanga nzima kulikuwa israfu, na israfu kila mmoja wetu anajua imesemwaje katika Qur'ani. Bwana Mtume (s.a.w.) mwenyewe alikuwa akishona nguo yake kwa mkono wake nyumbani. Na Bibi Fatma (r.a.), binti yake, vyombo alivyopewa alipoolewa ni vichache sana: guo la mashumbi, kiriba cha maji, na mto wa ngozi uliojazwa majani.

Mto! Turudi kwenye sanduku.

Tulizitoa kanga zote, tukazinyoosha juani kuona zilizochakaa. Mwanga ukipenya katikati, hiyo ni ya matambara. Zilizobaki imara tukashona foronya, na kipimo ni hiki. Kanga moja ina takriban sentimita 150 kwa 110. Ikate katikati kwa urefu, upate vipande viwili vya 150 kwa 55. Kila kipande ni foronya moja ya mto wa sentimita 50 kwa 65, kwa hiyo doti moja inatoa nne. Kunga kwanza zile ncha mbili fupi. Tandaza kipande, upande wa nakshi juu, kunja ncha ya kushoto na ya kulia zikutane katikati na kupandana kama shibiri moja hivi. Shona mbavu mbili kwa cherahani au kwa mkono, kisha pindua. Mdomo unakaa nyuma, hautaki vifungo wala zipu. Na kwa kuwa maneno ya kanga yako katikati ya urefu, yanatokea mbele, chini ya mto, yote kamili. Wengi hukosea hapa: wanakunja kuanzia ncha moja, jina linakatika, nusu mbele nusu nyuma.

Uzuri wa kanga kuukuu ni kwamba rangi yake imeshatoka yote ya kutoka, haitachafua mashuka. Mpya usiishone kabla hujaifua mara mbili tatu.

Tulipata foronya kumi na mbili. Bi harusi alikata tatu katika orodha yake siku ile: foronya, vitambaa vya meza, na mapazia ya jikoni. Mashuka ameyaacha, anayataka mapya, na hatukumbishia. Ndoa ni yake. Kanga moja tu ya sanduku hatukuigusa. Ni nyeusi yenye madoa meupe, haina jina lolote, na katikati ina mshono wa mkono. Mama yake aliikunja, akairudisha chini kabisa, akafunga kifuniko.