Servere ya okazio inakataa kuwaka: mambo ya kupima mbele ya kusema imekufa

Servere ni ordinatere yenye nguvu ile inatunza mafaili na kugawa kazi kwa ordinatere zingine. Katika miji ya mashariki ya Kongo, iwe Goma, Bukavu, Butembo, Bunia ao Uvira, mashini ya aina hiyo inaweza kuhitajika kwenye shule, hospitali, nyumba ya intaneti, kooperative ao radio. Bei ya servere ya mupya ni kubwa sana, ndiyo maana wengi wanachukua ya okazio: ilitumika miaka katika biro za inchi zingine, kisha ikauzwa. Kati ya zile zinajulikana sana kuna Dell PowerEdge na HP ProLiant.

Mara nyingine matata inaanza siku ya kwanza. Mashini inafika, watu wanaichomeka, wanabonyeza butoni, na haitoe hata mulio. Fundi wa kwanza anasema karte mere imekufa, ni kusema ile karte kubwa ya ndani yenye kushika vipande vyote. Kikundi ambacho kilichanga feza kwa miezi kinaanza kutafuta feza zingine, ao kinauza mashini kwa bei ya vyuma. Lakini servere ile haiwake haiko lazima imekufa. Umeme unapita njia ndefu kutoka ukutani mpaka kwenye prosesere, na kwenye njia hiyo kuna vipande vingi vya bei ya chini. Karte mere ndiyo inapaswa kuhukumiwa ya mwisho.

Kwanza kujua ni pane gani

Watu wanasema "haiwake" kwa mambo matatu tofauti. Ya kwanza: hakuna taa hata moja, mbele wala nyuma. Hapo shida inatafutwa kwenye prizi, kable ao alimantasio, ni kusema sanduku lile linapokea umeme. Ya pili: kuna taa, lakini butoni haijibu. Hapo kuna uwezekano kwamba kipande fulani cha ndani hakikukaa sawasawa. Ya tatu: vantilatere zinazunguka lakini ekrani inabaki nyeusi. Hiyo haiko pane ya umeme. Inatafutwa kwenye memwari, prosesere ao ekrani yenyewe.

Uvumilivu pia ni chombo cha kazi. Ndani ya servere kuna ordinatere ndogo ya ulinzi (Dell wanaiita iDRAC, HP wanaiita iLO) ile inaamka mara tu kable inachomekwa. Mbele haijamaliza kuamka, butoni inaweza kukataa kwa dakika moja ao mbili. Na kiisha kuwaka, servere inaweza kupiga kelele ya vantilatere na kukaa dakika kadhaa bila picha, juu inahesabu memwari yake. Mutu mwenye kuzoea laptop anaizima mapema, anafikiri imebomoka.

Kuanzia ukutani

Katika Kongo umeme wa nyumbani ni volti 220. Prizi ipimwe kwa taa ao kwa multimetre, kisha servere ichomekwe moja kwa moja ukutani, bila ralonge, bila stabilizatere. Kama inawaka hivyo, pane ilikuwa nje ya mashini.

Alimantasio nyingi za servere zinakubali volti 100 mpaka 240, lakini lazima kusoma karatasi ile imebandikwa juu yake. Zingine kubwa zinataka 200 mpaka 240 tu. Kama volti zinashuka sana magaribi, wakati kila nyumba inapika, hizo zinaweza kukataa. Kuna pia zile zilitengenezwa kwa kampuni za simu, zinatumika na volti 48 za batri: hizo hazitawaka kwenye prizi ya nyumbani hata siku moja. Kable pia inadanganya. Zile zinakuja na mashini kutoka Marekani, nyingi zimeandikwa 125V. Ni vizuri kununua ya 250V, yenye mustari wa ardhi, juu mwili wa servere ni chuma.

Kwa wale wanaotumia jua ao gurupe, kuna mutego mwingine. Konvertisere za bei ya chini hazitoe umeme laini sawa ule wa SNEL. Zinatoa umeme wa kukatakata. Taa na redio zinavumilia, lakini alimantasio za servere nyingi hazipende. Tena servere yenye prosesere mbili inaweza kuomba wati mia kadhaa wakati wa kuwaka, na konvertisere ya wati 500 yenye kubeba vitu vingine inaweza kujikata. Kabla ya kulaumu mashini, ijaribiwe siku moja kwenye umeme muzuri, hata kwa jirani.

Alimantasio mbili, mara inne za kujaribu

Servere nyingi ziko na alimantasio mbili, zile zinatoka na kuingia kwa kuvuta mukono wa nyuma. Moja ikifa, nyingine inaendesha mashini. Kwa hiyo ijaribiwe kila moja peke yake, kwanza upande wa kuume, kisha upande wa kushoto. Alimantasio mbili za wati tofauti kwenye mashini moja zinaweza kuleta makosa. Wauzaji wengine wanazichanganya bila kusema.

Mafundi wamezoea kupima alimantasio ya ordinatere ya kawaida kwa kuunganisha nyuzi mbili. Njia hiyo haifai hapa: alimantasio ya servere inatoa karibu volti 12 tu, na sehemu zake za kuunganisha ziko tofauti. Na hata kama iko na pane, isifunguliwe. Ndani yake umeme wa zaidi ya volti 300 unaweza kubaki hata kiisha kuchomoa kable, na unaweza kuua mutu. Kubadilisha alimantasio nzima ni bei ndogo kuliko matanga.

Rangi za taa hazina maana moja

Hapa ndipo mashini nzima zinaitwa mbovu. Kwenye HP ProLiant, butoni yenye taa ya rangi ya machungwa ile haicheze inamaanisha kwamba umeme umefika na mashini inangojea kuwashwa. Ni alama nzuri. Kwenye Dell PowerEdge R720, taa ya alimantasio ya rangi ya machungwa yenye kuwaka na kuzimika inamaanisha kwamba alimantasio hiyo iko na shida. Ya kijani inamaanisha iko sawa. Mutu anayesoma HP kwa macho ya Dell atatupa mashini nzima.

Kuingia ndani

Kable zote mbili zichomolewe, butoni ibonyezwe sekunde 20 hivi ili umeme uliobaki utoke, kisha mashini ipumuzike dakika chache. Mara nyingine hiyo peke yake inatosha.

Kama haitoshe, kifuniko kifunguliwe na mukono uguse chuma mbele ya kugusa karte. Barabara zetu zinatikisa muzigo vikali: kipande kinaweza kutoka kidogo tu, macho yasione. Barete za memwari, karte ya kusimama ile inabeba karte zingine, na kable ya butoni ya mbele, vyote vichomolewe na kurudishwa kwa nguvu ya kiasi. Servere zingine zinakataa kabisa kuwaka kama karte hiyo ya kusimama haikukaa sawasawa. Vumbi litolewe kwa brosi kavu.

Kisha mashini ivuliwe: ibaki na prosesere moja kwenye nafasi ya kwanza, barete moja ya memwari kwenye nafasi ile imechorwa chini ya kifuniko, na alimantasio moja. Ikiwaka hivyo, vipande vinarudishwa kimoja kimoja mpaka kile kibaya kijulikane. Kama prosesere inatolewa, sindano ndogo za chini yake ziangaliwe na mwanga mukali. Sindano moja yenye kupinda inatosha kuzuia mashini. Pili ndogo ya CR2032 ya volti 3 mara nyingi inapoteza saa na mipangilio tu.

Kama mashini inabaki kimya na umeme muzuri, alimantasio ile imejulikana kuwa nzima, na vipande vichache hivyo, ao kama kuna harufu ya kuungua, hapo ndipo karte mere inaweza kushitakiwa.

Diski haziende na mashini

Kama servere ilikuwa inatumika na imezimika, diski zake ziko na mambo ya watu: majina ya wagonjwa, pointi za wanafunzi, hesabu za wanachama. Mbele ya kuzitoa, kila moja iandikwe namba ya nafasi yake, juu mara nyingi zinafanya kazi pamoja kwa mupango. Mashini mupya ikiuliza kama inaweza kuzianzisha upya, jibu ni hapana, mpaka fundi mwenye kujua aone. Na kama mashini inauzwa kwa vipande, diski zibaki kwa mwenyewe.

Kwa yule anayetaka kununua, sheria ni fupi: servere iwashwe mbele yake, nusu saa, kwa kila alimantasio peke yake, mpaka picha itokee kwenye ekrani. Muuzaji aandike garanti ya siku kadhaa kwenye fakture. Muuzaji mwenye kusema "itawaka tu ukifika nyumbani" hajauza servere bado. Ameuza sanduku la chuma.