Kompyuta inapomtafuta mtu mmoja katika madaftari mawili: inaaminika kiasi gani?

Kuunganisha rekodi za afya ni kazi ya kutambua kama majina yaliyoandikwa mahali pawili ni ya mtu mmoja. Mfano: mtu anapimwa Kpandroma, vita vinamkimbiza, dawa anaanzia Bunia. Daftari la kwanza likikosa kukutana na la pili, atahesabiwa kuwa mgonjwa aliyepotea, kumbe yuko kwenye matibabu. Watu wakiwa maelfu, watafiti wanaipa kompyuta kazi hiyo.

Kompyuta inafanya namna gani?

Inalinganisha jina, jinsia, mwaka wa kuzaliwa na kijiji, kisha inatoa alama. Mtafiti ndiye anayepanga alama ya kupita. Akiiweka chini, watu wawili tofauti wanaunganishwa kama mmoja. Akiiweka juu, mtu yuleyule anaachwa kama wawili.

Denmark kila mkaaji ana namba yake ya usajili tangu 1968, na kazi ni nyepesi. Kongo, sensa ya mwisho ilifanywa 1984, na vituoni mtu anatambuliwa zaidi kwa jina. Lakini jina linabadilika: huyu anaandikwa Upio, kesho Opio. Kuna jina, postnom na prénom, na kila mwandishi anaanza na analotaka. Mwaka wa kuzaliwa mara nyingi unakadiriwa. Na kijiji? Aliyehama anataja alikotoka ao anakolala leo.

Jaribio la Kisesa

Kipimo kizuri kinatoka Kisesa, karibu na Mwanza, Tanzania, mahali ambapo watafiti wanafuatilia wakaaji tangu 1994. Huko walitafuta kujua kama watu waliogunduliwa kuwa na virusi vya UKIMWI wanajiandikisha kwenye matibabu. Matokeo yalitolewa 2018.

Kwanza walipata watu 405 ambao rekodi zao zilithibitishwa na wenyewe, uso kwa uso. Kisha kompyuta ikaachwa iwatafute peke yake. Kwa alama ya chini iliwapata 233 kwa usahihi, lakini katika kila viunganisho 100 ilivyofanya, 35 vilikuwa vya uongo. Kwa alama ya juu, 90 kwa 100 vilikuwa vya kweli, lakini watu waliopatikana walikuwa 95 tu. Zaidi ya watu 300 waliachwa.

Kosa hilo lilibadilisha na jibu la utafiti. Rekodi zilizothibitishwa zilionyesha kwamba waliopimwa kliniki walijiandikisha kwa kasi karibu mara 5 kupita waliopimwa katika uchunguzi wa vijijini. Alama ya kupita iliposhushwa chini kabisa, tofauti hiyo ilishuka chini ya mara 3. Anayepanga huduma angeona pengo dogo kuliko lile lililopo.

Tena, walioachwa na kompyuta hawakufanana na waliopatikana. Kwa hiyo kuongeza rekodi nyingi zaidi hakutoshi, juu wanaokosekana si watu wa bahati nasibu tu.

Dawa yake ni nini?

Kisesa walianza 2015 kumweka mfanyakazi mwenye kompyuta kwenye kliniki. Mtu akifika, anaulizwa majina yake, kijiji, na wale anaoishi nao. Kompyuta inaleta watu wanaofanana naye, na mwenyewe anasaidia kuhakikisha yule aliye yeye. Mashine inatafuta, mtu anathibitisha. Njia hii inadai mshahara, muda, idhini ya mgonjwa, na mahali pa faragha, zaidi sana kwa ugonjwa ambao watu wanauficha.

Maswali ya kuuliza

Ripoti ikisema kwamba wagonjwa wengi wa eneo fulani la Ituri "wamepotea", kuna mambo matatu ya kuuliza kabla ya kuamini ao kukataa. Ni viunganisho vingapi vilihakikishwa na mtu? Alama ya kupita iliwekwa wapi, na jibu linabadilika ikipandishwa ao kushushwa? Na wale ambao hawakuunganishwa ni nani: wanawake, vijana, ao wakaaji wa kambi za waliohama?

Kwa upande wa mgonjwa, kutunza fishi ya kituo cha kwanza, kutaja majina kwa mpangilio uleule kila mara na kusema alikotibiwa kwanza kunampunguzia hatari ya kugawanywa mara mbili.