Dharura si maafa

Wizara ya Rwanda inayoshughulikia mafuriko, maporomoko ya ardhi na wakimbizi inaitwa MINEMA tangu mwaka 2018. Kwa Kinyarwanda, jina lake refu limebeba neno ubutabazi, yaani kumkimbilia aliyepatwa na jambo ili kumsaidia. Kwa Kiingereza, jina hilohilo linazungumzia kusimamia dharura. Kiswahili nacho ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, kwa hiyo mfasiri anayekabidhiwa hati ya wizara hiyo ana maneno matatu mezani: uokoaji, maafa na dharura. Makala hii inalitetea la tatu, na ushahidi wake unatoka Kigali.

Majirani wamezoea la pili. Tanzania Bara ina Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022, na idara husika katika Ofisi ya Waziri Mkuu inaitwa ya Menejimenti ya Maafa. Zanzibar wana Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa. Usimamizi au menejimenti, hapo tofauti ni ya ladha tu. Neno zito ni maafa, kwa sababu linataja hasara iliyokwisha kutokea: watu wamekufa, nyumba zimelala chini, mazao yamesombwa. Dharura haijafika huko. Mfanyakazi akimwambia bosi wake "nimepata dharura", bosi hadhani kwamba amefiwa. Anaelewa kuwa kuna jambo lisilongoja, na likishughulikiwa sasa hivi huenda likaisha salama. Nyuma ya yote mawili kuna tishio, yaani kitu chenye uwezo wa kudhuru hata kama hakijamgusa mtu: wingu zito, mteremko uliolowa, kirusi ndani ya popo.

Tukiyapanga maneno haya, tunapata tishio, kisha dharura, kisha maafa. Kazi ya mji ni kuhakikisha la kwanza halifiki la tatu.

Kigali inayo matishio ya kutosha. Ni mji wa vilima na mabonde, wenye watu zaidi ya milioni 1.7 kwa sensa ya 2022, na misimu miwili ya mvua ambayo Waswahili wangeiita masika na vuli. Mahali pa kuiona kazi hii kwa karibu ni Nyabugogo, penye stendi kuu ya mabasi ya mikoani na ya nchi jirani. Stendi ipo chini bondeni. Mvua ikipiga huko juu Nyamirambo na Kimisagara, maji hukusanyika katika mtaro mkubwa wa Mpazi na kuteremka kwa kasi hadi mto Nyabugogo. Mfanyabiashara wa bondeni anaweza kuwa bado mkavu wakati maji yake yamekwisha kuanza safari. Dakika hizo ndizo dharura yenyewe. Akipata habari, atainua magunia, dereva ataondoa gari, mama atamvuta mtoto mbali na mtaro. Asipopata, kitakachofuata kitaandikwa kwenye ripoti ya maafa.

Nchi nzima iliuona upande mchungu wa jambo hili usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023. Mvua kubwa ilinyesha magharibi na kaskazini mwa Rwanda, mto Sebeya ukafurika huko Rubavu, milima ikaporomoka, na watu zaidi ya 130 wakafa. Wengi walikuwa wamelala. Kati ya tishio na maafa palikuwa na saa chache za giza, na kwa familia nyingi saa hizo zilipita kabla ya mtu kubisha hodi.

Mwaka uliofuata Kigali ilipata mfano wa kinyume. Tarehe 27 Septemba 2024 serikali ilitangaza kuwepo kwa ugonjwa wa virusi vya Marburg, na wengi wa wagonjwa walikuwa wahudumu wa afya. Waliokaribiana nao walitafutwa mmoja mmoja, kuwaona wagonjwa hospitalini kukasitishwa kwa muda, waombolezaji mazikoni wakawekewa kikomo cha watu 50, na mapema Oktoba chanjo ya majaribio ikaanza kutolewa. Mlipuko ulitangazwa kumalizika tarehe 20 Desemba, ukiwa na wagonjwa 66 na vifo 15. Kwa waliofiwa hayo ni maafa, na hakuna istilahi itakayowaambia vinginevyo. Kwa mji, ilikuwa dharura iliyosimamiwa: Marburg hiyohiyo iliwahi kuua karibu watu tisa katika kila kumi walioambukizwa nchini Angola mwaka 2004 na 2005.

Sasa tuongeze neno jamii, maana bila hilo istilahi haijakamilika. Kibao cha "Dharura" kwenye lango la hospitali kinamhusu mgonjwa mmoja. Dharura ya jamii ni ile inayowazidi nguvu wenye nyumba moja na kuwalazimisha wengi kutenda pamoja. Kigali ina ngazi za kufanya hivyo. Mji una wilaya tatu, Gasabo, Kicukiro na Nyarugenge, na chini yake kuna sekta, seli na kijiji, hadi kwenye isibo, kundi la nyumba chache zenye kiongozi wao. Msomaji wa Tanzania amkumbuke balozi wa nyumba kumi. Simu za 112 kwa polisi na 912 kwa gari la wagonjwa zipo, lakini ni kiongozi wa isibo anayejua mlango gani una kikongwe asiyeweza kutembea. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, katika kazi ya pamoja iitwayo umuganda, majirani haohao huzibua mitaro na kupanda miti. Kuzibua mtaro mwezi Agosti, kabla ya vuli, ni usimamizi kamili wa dharura, ingawa hakuna king'ora kilicholia.

Istilahi hizi zina makali pia. Kinyarwanda kina neno amanegeka, sehemu za hatari zisizofaa watu kuishi, kama miteremko mikali. Mahali pakiisha kuitwa hivyo, wakazi wanaweza kutakiwa kuhama. Hivyo ndivyo mtaa wa Kangondo na Kibiraro, uliojulikana kwa jina la Bannyahe, ulivyokuja kuondolewa mwaka 2022 na watu wake kupelekwa Busanza. Mamlaka zilitaja usalama wao; wakazi wengi walikuwa wamedai walipwe fidia ya fedha badala ya kupewa nyumba, na kesi ilifika mahakamani. Huko Mpazi umejaribiwa utaratibu mwingine: mwenye kiwanja hupata makazi katika majengo mapya yaliyosimama palepale. Kwa hiyo anayesema "eneo hatarishi" awe tayari kueleza hatari ipi, kwa kipimo gani, na nani aliyeulizwa. Tishio hupimwa na mtaalamu, ila uamuzi wa kuhama au kubaki unagusa riziki, shule na majirani.

Pendekezo, basi, ni hili. Kwa kazi nzima, kuanzia kuzuia na kujiandaa hadi kukabili na kurejesha hali, tuseme usimamizi wa dharura za jamii. Maafa tuyaachie hasara, na uokoaji tuuachie sehemu moja tu ya kazi hiyo, ile ya kumtoa mtu kwenye maji au kifusi.

Istilahi hiyo ni ya sheria, mipango na vitabu vya mafunzo. Haifai kwenye onyo. Kigali ina wasemaji wa Kiswahili wa kila siku: wakazi wa mtaa wa Biryogo, madereva na wachuuzi wa Nyabugogo, wageni kutoka Bukavu na Kigoma. Hao, mvua inapokuja, hawahitaji kuambiwa kuhusu "usimamizi" wala "tishio la kihaidrolojia". Ujumbe uwaambie: maji ya Mpazi yanateremka, ondokeni mtaroni sasa, pandeni juu barabarani. Mfasiri anayejua kuiacha istilahi ofisini pale inapobidi ndiye aliyeielewa vizuri.