Msizi wa Amani: mgeni aliyegeuka mwenye nyumba

Leo siongelei boom wala mitihani, naongelea mti. Najua kuna watakaoguna, ila vumilieni kidogo, hii ni historia kabisa, tena ina Wajerumani ndani yake.

Kila mvua zikianza hapa Dodoma tunahimizwa kupanda miti, na tangu kampeni ya Dodoma ya Kijani ilipozinduliwa mwaka 2017 ndiyo zaidi. Safi sana, maana jua la hapa mnalijua wenyewe. Ila swali moja huwa linasahaulika: tunapanda mti GANI? Wenzetu wa Tanga walishalijibu hilo, na jibu lilikuwa ghali.

Mwaka 1902 Wajerumani walifungua kituo cha utafiti pale Amani, milima ya Usambara Mashariki. Kazi yake ilikuwa kujaribu mimea ya kila pembe ya dunia ili waone ipi italipa kwenye koloni lao. Tamaa hiyo haikuanza bure. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza vichipukizi 1,000 vya mkonge kutoka Florida, vikafika hai 62 tu, na hivyo 62 vikazaa mashamba yote ya mkonge tunayoyasoma kwenye jiografia. Nani asingetaka kujaribu tena? Basi Amani ikapandwa mpira, mikwinini, kafuri, kahawa, viungo, miti ya mbao, mamia ya aina.

Mingi ilitulia pale ilipowekwa. Mingine ikatoroka, na mtoro mkubwa ni msizi.

Sasa cha kushangaza, msizi hata si mtu wa mbali. Kwao ni Kagera na Uganda, na huko ni mti wa heshima tu: unatoa mbao na kivuli cha kahawa. Ulianza kupandwa Amani mwaka 1913. Baadaye, miaka ya 1960 na 1970, ukapandwa kwa wingi kwenye msitu uliokatwa, maana unakua haraka mno. Wakati huo huo magari ya kuvuna magogo yalikuwa yakifungua msitu, na uvunaji huo uliendelea hadi miaka ya 1980. Msizi unapenda jua, kwa hiyo kila pengo kwake lilikuwa kiwanja cha bure. Hondohondo wakala matunda yake, wakaruka, wakadondosha mbegu mbali kabisa na shamba. Hapo hakuna tena aliyekuwa anaupanda. Ulikuwa unajipanda wenyewe.

Mtu atauliza, si msitu tu jamani, mti ni mti? Hapana. Milima ya Usambara ni kama visiwa. Juu kuna msitu unaokinga mvua ya Bahari ya Hindi, chini kumezungukwa na nyika kavu. Viumbe vya juu vimekaa peke yao miaka mingi mpaka vimekuwa vya pale tu. Lile ua dogo la zambarau ambalo Wazungu wanaliweka kwenye vyungu madirishani asili yake ni Tanga. Ukileta mgeni mwenye mbio mahali kama hapo, wenyeji hawajawahi kushindana na mtu wa aina yake. Visiwa vya kweli vinayajua haya: Hawaii walipeleka olspaisi, ule mti wa viungo wa Jamaika, kisha ukaanza kuota porini ambako hakuna aliyeupanda.

Na kuna maji pia. Mto Zigi unaolisha jiji la Tanga unatoka kwenye misitu hiyo. Uvunaji ukasimamishwa, na mwaka 1997 Amani ikawa hifadhi ya mazingira asilia. Lakini tangazo la serikali halimng'oi msizi. Mpaka leo upo.

Turudi kwetu. Mwarobaini umejaa Dodoma, na mimi simchukii, kivuli chake nakitumia kila siku. Asili yake ni upande wa India. Pwani, kwenye Hifadhi ya Saadani, umeshahesabika kuwa mvamizi, kwa sababu ile ile ya matunda yanayoliwa na mbegu kubebwa. Simaanishi tuikate yote. Maana yangu ni kwamba usiwe jibu la kila shimo tunalochimba.

Mkoa wetu wenyewe una jibu lingine. Mradi wa HADO ulianza mwaka 1973 kuokoa ardhi iliyokuwa inaliwa na makorongo. Mwaka 1979 mifugo iliondolewa kwenye eneo lililoharibika la Kondoa. Wafugaji waliumia, tusifiche, lakini majani na miti ya pale pale vikarudi vyenyewe kutoka kwenye visiki na mbegu zilizokuwa ardhini. Siku hizi vijijini wanaita kisiki hai: unachagua machipukizi machache, unapogoa mengine, unalinda. Hununui mche, na hubebi maji kama wa kupanda.

Sisi wa ualimu ndio tutakaowasimamisha watoto mstarini na majembe, mwalimu wa zamu akipiga filimbi. Mtoto akiuliza huu mti umetoka wapi, tuwe na jibu. Na kabla hatujachimba shimo, tuangalie kwanza kama kuna kisiki kinachopumua.

Haya, kesho kuna semina ya saa moja asubuhi. Lala salama wadau.