Zaburi katika Utenzi: Kazi ya Mathias Mnyampala wa Ugogo

Mathias Mnyampala (1917–1969), Mgogo wa Dodoma aliyesoma katika misioni ya Bihawana, anajulikana na wengi kwa kitabu chake cha historia na mila za Wagogo, kilichotoka mwaka 1954. Waamini wachache zaidi wanafahamu kwamba aliyatia pia Maandiko Matakatifu katika ushairi wa Kiswahili. Utenzi wa Enjili Takatifu ulichapishwa mwaka 1963, na Utenzi wa Zaburi mwaka 1965.

Zaburi zenyewe ni mashairi, lakini si ya vina. Ushairi wa Kiebrania hutembea kwa mawazo mawili mawili: nusu ya kwanza husema jambo, nusu ya pili hulirudia kwa maneno mengine, hulipinga au hulikamilisha. Utenzi una sheria nyingine. Kila ubeti una vipande vinne vya mizani minane. Vitatu vya kwanza hufanana kwa kina, na cha nne hubeba kina kimoja tangu mwanzo hadi mwisho wa utenzi. Mawazo mawili ya mzaburi hukaa vizuri katika vipande viwili. Ugumu huanzia katika cha tatu, kwani kina lazima kipatikane hata pale ambapo Neno la Mungu limekwisha kusema lililotaka kusema. Hapo mshairi huongeza sifa au ufafanuzi, na msomaji apaswa kujua kwamba nyongeza hiyo ni ya mshairi.

Kuna swali zito zaidi. Utenzi ulilelewa pwani na washairi Waislamu, ambao mapema sana walitafsiri kwa tungo kasida ya Kiarabu ya Hamziya. Pamoja na bahari hiyo ya ushairi yalikuja majina ya Mungu kama Mola, Manani, Rahmani na Jalali, ambayo pia humfaa sana mtafuta vina. Je, yanamfaa Mkristo? Kwa maoni yangu yanamfaa, mradi imani ndiyo inayoyajaza maana. Hata neno Mungu halikuletwa na wamisionari; ni ndugu wa Mulungu, aliyeombwa mvua na Wagogo kabla ya misioni ya kwanza kujengwa. Tena Zaburi ya 65, inayomsifu Mungu kwa kuinywesha ardhi, husikika kwa namna ya pekee katika nchi ambayo kuanzia Mei hadi Novemba karibu haioni tone.

Mnyampala hakuwa peke yake katika kazi ya kutafsiri tungo. Mwaka 1952 Shaaban Robert alitoa kwa Kiswahili mashairi ya Omar Khayyam, akiyafuata ya Kiingereza ya Edward FitzGerald, ambaye naye aliyapanga upya ya Kiajemi kwa uhuru mkubwa. Anayetafsiri tafsiri hurithi maamuzi ya mtu mwingine, na hilo lazingatiwe zaidi katika Maandiko. Mwalimu Julius Nyerere naye alizitunga Injili zote nne na Matendo ya Mitume katika tenzi, zilizochapwa mwaka 1996 na Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho.

Je, tenzi hizi zaweza kuimbwa mahali pa wimbo wa katikati? Waimbaji huuliza, kwa sababu utenzi huimbika kwa urahisi. Jibu ni hapana. Mwongozo Mkuu wa Misale ya Kiroma, namba 61, hauruhusu wimbo mwingine kushika nafasi ya Zaburi baada ya somo la kwanza, na kanuni 825 ya Sheria za Kanisa yadai idhini ya Kiti Kitakatifu au ya Baraza la Maaskofu kwa tafsiri za Biblia. Hati ya Dei Verbum, namba 22, yataka tafsiri sahihi, hasa kutoka lugha asilia. Utenzi hauko katika daraja hilo, wala haukutungwa ili uwe humo.

Nafasi yake ni jumuiya ndogo ndogo, katekesi, na sala ya nyumbani, ambako mtoto hushika kwa vina jambo ambalo asingelishika kwa nathari. Ngonjera ambazo watoto wa Utoto Mtakatifu huzisoma mbele ya Askofu siku ya Kipaimara zatoka katika mkono huohuo: Mnyampala ndiye anayetajwa kuwa mwasisi wake. Parokia yenye nakala ya zamani ya Utenzi wa Zaburi katika kabati la nyumba ya mapadre na iitunze mbali na mchwa.