Nani Apokee Simu Usiku? Historia ya Afisa wa Upokezi na Tathmini ya Watoto nchini Marekani

Jioni ya tarehe 8 Juni 1964, mama mmoja wa jimbo la Arizona alirejea kutoka kazini akakuta mwanawe wa miaka 15 hayupo. Maafisa wa sherifu waliomkamata asubuhi hawakuacha ujumbe wowote. Ilimbidi amtume mwanawe mkubwa nyumbani kwa rafiki wa kijana huyo, ndipo ikajulikana kuwa Gerald Gault yumo katika mahabusu ya watoto. Aliyempokea mama huko alikuwa afisa msaidizi wa probesheni, ambaye pia ndiye aliyekuwa msimamizi wa mahabusu hiyo. Alimweleza kwa mdomo sababu ya kukamatwa, akamwambia shauri litasikilizwa kesho yake saa tisa alasiri. Siku hiyo ya pili, afisa huyohuyo aliwasilisha hati mahakamani, ambayo familia haikupewa nakala yake, kisha akaketi mbele ya jaji. Tuhuma ilikuwa simu ya lugha chafu iliyopigwa kwa jirani. Mtu mzima kwa kosa hilo angetozwa faini ya dola 5 hadi 50, au kufungwa kwa muda usiozidi miezi miwili. Gerald aliamriwa akae katika shule ya kurekebishia tabia ya jimbo mpaka atimize miaka 21.

Kisa hiki kinajulikana sana kwa sababu ya hukumu iliyokifuata. Makala haya yanakirejea kwa sababu ya ile jioni ya kwanza. Hoja yetu ni kwamba historia ya mahakama za watoto imeandikwa mno kutoka katika ukumbi wa mahakama, ilhali uamuzi unaomgusa mtoto mapema zaidi hufanywa kabla ya hapo, mara nyingi usiku, na mtu aliyeitwa kwa simu.

Mahakama ya kwanza ya watoto nchini Marekani ilifunguliwa Chicago mwezi Julai 1899, kwa sheria ya jimbo la Illinois iliyokataza pia mtoto wa chini ya miaka 12 kupelekwa jela au kituo cha polisi. Sheria hiyo iliunda cheo cha afisa wa probesheni, kisha ikatamka kwamba maafisa hao wasilipwe chochote kutoka hazina ya umma. Mishahara ya mwanzo ikatafutwa na vyama vya wanawake wa mji huo, na miongoni mwa maafisa wa kwanza alikuwa Alzina Stevens, mkazi wa nyumba ya huduma za jamii ya Hull House. Mtafiti asilipite jambo hili haraka. Kazi ya kumpokea mtoto ilizaliwa ikiwa wajibu wa kisheria usio na bajeti, na alama ya kuzaliwa huko haijafutika.

Hukumu ya Mahakama ya Juu katika shauri la Gault ilitolewa tarehe 15 Mei 1967. Mtoto akapewa haki ya kujulishwa mashtaka kwa maandishi na mapema, haki ya wakili, haki ya kuwahoji mashahidi, na haki ya kutojishuhudia dhidi yake mwenyewe. Hata hivyo, mahakama ilieleza waziwazi kwamba haikuwa inashughulikia hatua zinazotangulia kikao cha mahakama. Kwa maneno mengine, shauri lililoanza kwa mapokezi mabaya ya jioni moja lilimalizika bila kuyagusa mapokezi yenyewe. Pengo hilo halikuzibwa na majaji. Lilizibwa na saa ya ukutani.

Mwaka 1974 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya haki na kinga kwa watoto wakosaji. Majimbo yaliyotaka fedha za serikali kuu yalitakiwa kuacha kuwafungia watoto ambao kosa lao ni kosa kwa sababu tu ni watoto, kama vile kutoroka nyumbani au kukwepa shule. Mwaka 1980 likaongezwa sharti la kuwaondoa watoto katika jela za watu wazima. Katika utekelezaji, mtoto anayetuhumiwa kwa jinai aliruhusiwa kukaa katika jela hizo kwa muda usiozidi saa sita, kwa ajili ya kuandikishwa na kusafirishwa tu, asiwaone wala asiwasikie wafungwa wazima. Saa sita mchana si tatizo. Mtoto akikamatwa saa tano usiku, saa sita humalizika kabla ya ofisi yoyote kufunguliwa, kwa hiyo ni lazima awepo mtu wa kuamka.

Yalijitokeza majibu ya namna mbili. La kwanza ni kituo kisichofungwa, kama kile kilichofunguliwa Tampa, jimbo la Florida, mwaka 1993, ambapo polisi humkabidhi mtoto na kurudi kazini. Mji wenye watu wengi unaweza kumudu kituo cha namna hiyo. Jibu la pili ni zamu ya kuitwa. Afisa yuko nyumbani kwake, simu inalia, naye anaendesha gari hadi ofisi ya sherifu. Jimbo la Kansas, lenye kaunti 105 zilizogawanywa katika wilaya 31 za mahakama, lilihitaji yote mawili lilipoufanya upokezi na tathmini kuwa mfumo wa jimbo zima chini ya mamlaka mpya ya haki za watoto iliyoanza kazi Julai 1997. Wichita inaweza kuwa na wafanyakazi usiku kucha. Nyanda za magharibi, zenye watoto wachache na barabara ndefu, haziwezi.

Sheria ya Kansas inaorodhesha anayopaswa kuyakusanya afisa huyo: makosa ya nyuma, historia ya kudhulumiwa, matumizi ya vileo na dawa za kulevya, elimu, afya, familia na huduma zilizokwisha kutolewa. Baada ya hapo anaweza kumkabidhi mtoto kwa mzazi au mtu mzima mwingine anayefaa, kwa masharti au bila masharti, au kulipeleka jambo kwa mwendesha mashtaka. Kipengele kizito zaidi, kwa maoni yetu, ni kile kinachosema kwamba taarifa zilizopatikana katika upokezi haziwezi kutumiwa kama ushahidi dhidi ya mtoto, isipokuwa zile za dhuluma au kutelekezwa, ambazo lazima ziripotiwe. Hapo ndipo afisa alipotenganishwa na yule wa Arizona, aliyekuwa mpokeaji, mlinzi na mleta mashtaka kwa wakati mmoja. Lakini kipengele hicho kina makali mawili. Mtoto anayeambiwa kuwa maneno yake hayatamdhuru aweza kutaja kipigo cha nyumbani, na kwa kutaja hivyo akafunga mlango wa nyumba ambayo afisa alikuwa karibu kumrudisha. Saa nane za usiku, uamuzi huo hauna kamati.

Je, mtu huyu huhesabiwa yuko kazini tangu lini? Suala hili liliamuliwa kwa kutumia kazi nyingine kabisa. Mwaka 1944 Mahakama ya Juu, katika mashauri mawili ya wazimamoto wa viwandani, ilikubali kwamba kungoja kwaweza kuwa kazi, ikitegemea mazingira. Kanuni zilizofuata zikaweka mstari: anayelazimika kubaki mahali pa kazi yuko kazini, anayetakiwa kuacha tu habari za mahali anapopatikana hayuko. Tangu 1985 ilikuwa wazi kwamba sheria hiyo ya ujira inawahusu pia watumishi wa majimbo na kaunti. Mwaka 1991 mahakama ya rufani ya shirikisho iliamua kwamba wazimamoto wa mji wa Emporia, Kansas, waliotakiwa kuripoti ndani ya dakika 20 na walioitwa mara kadhaa kwa siku, walipwe kwa muda wao wa kungoja. Kwa mantiki hiyo, afisa anayeitwa mara chache hubaki upande usiolipwa, ingawa naye hawezi kunywa pombe wala kusafiri, wala hawezi kumwachia mtu simu yake.

Kwa washauri wa sera wa ukanda wetu, historia hii si ya mbali. Sheria ya Watoto ya Uganda inataka mtoto aliyekamatwa asizuiliwe na polisi zaidi ya saa 24 kabla ya kufikishwa mahakamani. Inataka mzazi ajulishwe, pamoja na katibu wa masuala ya watoto wa baraza la mahali anapoishi mtoto. Na mzazi asipopatikana, afisa wa probesheni na ustawi wa jamii aarifiwe ili ahudhurie mahojiano. Kwa maandishi, ulinzi huu ni mpana kuliko ule alioupata mama wa Arizona. Swali lililobaki ni lile la Chicago ya 1899: kifungu kinasema afisa aarifiwe, lakini hakisemi ni nani mwenye zamu usiku wa Jumamosi, simu yake inajazwa vocha na nani, na nauli ya bodaboda kutoka kwake hadi kituoni imo katika fungu gani la bajeti ya wilaya.